Noti iliyochanika, kuungua au kuliwa na panya: usiitupe

Ikiwa unaishi Rubondo au sehemu nyingine ya Nakivale na una noti ya Uganda iliyoharibika, pesa hiyo bado inaweza kuwa na thamani. Mwenye duka au wakala wa pesa za simu anaweza kuikataa, lakini wenye mamlaka ya kuamua ni Benki Kuu ya Uganda. Benki hiyo ina tawi mjini Mbarara.

Kabla ya kwenda
• Kusanya vipande vyote, hata vidogo. Viweke kwenye bahasha.
• Usivibandike kwa gundi wala selotepu. Vinaweza kufunika namba ya noti na alama za usalama.
• Noti iliyolowa ianike kivulini. Usiipige pasi.
• Noti iliyoungua usiikunjue wala kuikung'uta. Ibebe kwenye boksi dogo.
• Beba kitambulisho chako cha mkimbizi, au cha taifa ikiwa wewe ni mwenyeji.

Ukifika benki
Eleza ukweli wa jinsi noti ilivyoharibika. Wafanyakazi wataangalia ukubwa wa sehemu iliyobaki, na kama noti ni halali. Kisha wataamua kama utalipwa. Noti bandia hailipwi.

Ikiwa noti ni nzima ila imechakaa au kuchafuka, jaribu kwanza benki ya kawaida unayoweka pesa.

Piga hesabu ya nauli
Noti moja ya 2,000 hailipi safari ya Mbarara. Itunze hadi utakapokuwa na shughuli nyingine mjini, kama hospitali. Ukimtuma jirani unayemwamini, andikeni kiasi cha pesa na idadi ya vipande.

Jihadhari na wanunuzi
Mtu akikupa 20,000 kwa noti ya 50,000 iliyochanika, umekubali kupoteza 30,000 kabla benki haijaiona.

Dola na faranga za Kongo
Hizo si pesa za Benki Kuu ya Uganda. Wabadilishaji wengi hukataa dola iliyochanika au huishusha bei. Ulizia zaidi ya duka moja la kubadilisha pesa kabla ya kukubali, na unapopokea dola, ikague pande zote mbili papo hapo.

Nyumbani, hifadhi pesa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko na paa linalovuja.