Crying Stone ya Ilesi: Jiwe Halikupandishwa, Udongo Ndio Ulishuka

Kama umewahi kutoka Bumula ukaenda Kisumu na matatu za kupitia Kakamega, hii lazima umeicheki dirishani. Ukishapita Kakamega mjini, pale Ilesi, kuna nguzo ya mawe karibu mita 40, na juu yake limekaa bonge la jiwe kama kichwa kwa mabega. Maji huteremka pale mbele kama machozi. Wenyeji huliita Ikhongo Murwi. Sisi wengine tumezoea Crying Stone.

Swali la kila msee ni moja: nani alilibeba hadi juu?

Hakuna. Jiwe lilikuwa hapo hapo tangu mwanzo, ni vile lilikuwa limezikwa. Hii ni graniti, mwamba uliopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Mwamba huo una nyufa, zingine za kusimama na zingine za kulala, kwa hivyo ni kama umekatwakatwa vipande. Maji ya mvua yakipita kwa udongo hupata asidi kidogo, yanaingia kwa nyufa na kuozesha madini ya feldispa hadi yanakuwa tope. Pembe ndizo huisha kwanza, juu zinashambuliwa pande tatu kwa mpigo. Kipande kilichokuwa na kona kinatoka mviringo. Baadaye mvua na mito hubeba lile tope, na mawe yanabaki yamekaliana. Fikiria ukuta wa zamani ambao matope kati ya matofali yameoshwa yote, lakini matofali bado yamesimama.

Na mbona halianguki? Uzito wake wote unashukia ndani ya pale linapokalia. Yale ambayo hayakuwa fiti hivyo yalishabingirika kitambo, ndiyo hayo unaona chini.

Kit Mikayi kule Seme, barabara ya Kisumu kwenda Bondo, ni hadithi ileile ya graniti. Jina kwa Dholuo ni jiwe la mke wa kwanza, na watu bado huenda kuomba pale. Ukivuka hadi Mwanza, Bismarck Rock imekaa juu ya mawe mengine ndani ya ziwa.

Shida ni kwamba kazi ya mamilioni ya miaka haichukui muda kuharibu. Oktoba 2013 huko Goblin Valley, Utah, Marekani, jamaa walisukuma jiwe la aina hii huku wakijirekodi, wakaangua kicheko, wakapost. Video ikawafikisha kortini.

Huku kwetu hakuna haja ya video. Wasee wa kokoto huwasha moto chini ya jiwe mpaka lipasuke, halafu nyundo inamalizia. Ni hasla, simlaumu mtu anayetafuta fee ya watoto. Lakini ukishuka Maragoli, angalia yale mawe ya kando ya shamba: mengine yana masizi tayari, na rundo la kokoto liko hapo kando likingoja lori.