Motokaa Juu ya Mchanga

Somo letu la leo ni habari za motokaa na mchanga.

Ninyi wa Kyela mnaujua mchanga wa Matema. Uliolowa maji ya Ziwa Nyasa hukanyagika vizuri; mkavu hudidimia. Basi fikirini lori zito juu ya vilima vya mchanga katika jangwa la Misri na Libya! Kukwama huko ni kufa kwa kiu.

Katika miaka ya 1920 mwanajeshi Mwingereza, Ralph Bagnold, alianza kusafiri huko kwa motokaa za Ford. Alijifunza kupunguza upepo wa matairi, ili yatandae kama unyayo wa bata. Gari lilipokwama, mabati ya chuma yalitiwa chini ya magurudumu.

Mwaka 1939 alikuwa safarini kuja Kenya. Meli yake ikagongana na nyingine, akashukia Misri. Mwaka 1940 akaunda kikosi cha malori, kikavuka jangwa na kuwashambulia Waitalia kutoka upande waliodhani haupitiki.

Malori yake mengi ya kwanza yalisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Yalipita kwa maarifa.

Jibuni katika daftari zenu: Kwa nini tairi lenye upepo mdogo halizami upesi mchangani?