Kutoka Ntaruka hadi Kwenye Soketi: Historia Fupi ya Ubora wa Umeme Kigali

Umeme unapozungumzwa Rwanda, swali la kwanza huwa ni kama upo au haupo. Swali la pili, yaani una ubora gani unapofika ndani ya jengo, huulizwa mara chache. Insha hii inadai kwamba tulijifunza swali la kwanza kwa shida, na shida hiyo hutufanya tulisahau la pili.

Kituo cha Ntaruka kilianza kazi mwaka 1959, kikitumia maji yanayoshuka kutoka Ziwa Burera kwenda Ziwa Ruhondo. Mwaka 1982 kilifuata Mukungwa, kinachotumia maji ya Ruhondo. Kwa hiyo Burera ikipungua, vituo vyote viwili hudhoofika. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2004: mvua ilikuwa haba, na kinamasi cha Rugezi kinacholisha Burera kilikuwa kimekaushwa kwa ajili ya kilimo. Umeme ukagawanywa kwa zamu, na Electrogaz ikategemea jenereta za dizeli zilizokodiwa kwa gharama kubwa.

Tangu hapo hatua zimepigwa. Rugezi ililindwa, na mwaka 2016 mradi wa KivuWatt ulizinduliwa ukiwa na megawati 26 zitokanazo na gesi ya Ziwa Kivu. Lakini megawati hazikazi waya uliolegea.

Tuchukue jengo lenye fezi tatu. Nyutro ikilegea, baadhi ya vyumba hupata volti nyingi kuliko 230 na vingine chache. Taa za huku hung'aa kupita kiasi, huku mota ya friji kule ikivuta mkondo mkubwa na kupata moto. Isitoshe, kompyuta na taa za LED huvuta mkondo kwa vipindi vifupi vifupi, si kwa mtiririko laini. Sehemu ya mikondo hiyo haifutani kwenye nyutro bali hujumlishana, na waya mwembamba huweza kuungua hata gridi ikiwa timamu.

Mwenye jengo hulaumu gridi, hununua stabilaiza, na hatari hubaki ukutani. Mwaka 2004 ulitufundisha kufuata tatizo hadi chanzo chake, kutoka taa iliyozimika hadi kinamasi. Fundi anapopima nyutro kabla ya kulaumu gridi, anafuata somo hilohilo.