Barua Zilizochelewa Merikebu

Wasikilizaji wetu, sisi tufundishao historia twaijua shida moja: habari za wafalme na majemadari ni tele, lakini maneno ya mama wa baharia ni nadra kuyapata. Jioni hii twataka kueleza jinsi vita vilivyotuhifadhia maneno ya mama mmoja.

Zamani Mwingereza alipoteka merikebu ya adui, hakuweza kuiuza vivi hivi. Ilimpasa kwanza kuthibitisha mbele ya mahakama ya mambo ya bahari, London, kwamba ni nyara ya halali. Na ushahidi ulikuwa makaratasi yaliyomo chomboni, hata barua za watu. Kesi ilikwisha, makaratasi yakabaki. Yale ya mwaka 1652 hata 1817 yamewekwa Kew, na barua zisizofika ni kiasi cha 160,000.

Basi mwaka 1758 manowari ya Kifaransa, Galatée, ilitoka Bordeaux kwenda Québec, ikatekwa na Essex ya Waingereza. Watu wa posta ya Ufaransa walikuwa wameifuata kwa barua bandari kwa bandari, kila mara wakichelewa. Waliposikia kwamba imetekwa, wakazipeleka Uingereza. Huko maofisa walifungua mbili, wakaona ni mambo ya nyumbani tu, wakaziweka kando. Mabaharia walikuwa kifungoni, barua ziko ghalani! Zilikaa hivyo mpaka Renaud Morieux, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alipozifungua. Akatangaza habari zake mwaka 2023. Zote ni 104.

Mojawapo ni ya Marguerite Lemoyne wa Normandie, mwenye miaka 61, kwa mwanawe Nicolas Quesnel. Yaonekana hakujua kuandika, akamwomba mtu amwandikie. (Ni nani kati yetu aliyekwenda shule asiyepata kuwaandikia wazee barua?) Amlaumu mwanawe kwamba yeye humkumbuka mtoto kuliko mtoto amkumbukavyo; asema ni mgonjwa, tena habari zake huzipata kwa mke wa baharia mwenzake. Baadaye Marianne, mchumba wa Nicolas, naye alimsihi amwandikie mama yake, maana lawama zilimwangukia yeye.

Tungependa kusema kwamba Nicolas alirudi akatulia nyumbani. Alitoka kifungoni salama. Lakini katika miaka ya 1760 akaingia kazini katika merikebu ya Kifaransa ya biashara ya watumwa.