Sepsisi: Kinga ya mwili inapomgeukia mgonjwa

SEPSISI ni hali ya hatari inayozuka pale makabiliano ya mwili dhidi ya maambukizi yanapopotoka na kuharibu figo, mapafu, moyo na viungo vinginevyo. Chanzo chaweza kuwa nimonia, kidonda, au maambukizi ya kizazi baada ya mama kujifungua. Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2020 yalionyesha kuwa watu milioni 48.9 waliugua mwaka wa 2017, na milioni 11 wakafariki.

Kwa muda mrefu, madaktari waliamini kuwa kinachoua ni ukali wa kinga yenyewe. Chembechembe nyeupe za damu humwaga kemikali za kuchochea uvimbe. Mishipa huvuja, shinikizo la damu hushuka, na damu huganda mahali isipostahili. Basi katika miaka ya 1990 zikajaribiwa dawa za kunasa kemikali hizo, hasa ile iitwayo TNF.

Matokeo yalivunja moyo. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1996, waliodungwa dozi kubwa za etanasepti walifariki kwa wingi kuliko waliodungwa kioevu kisicho na dawa. Xigris, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyosemekana pia kutuliza uvimbe, iliidhinishwa nchini humo mwaka wa 2001, kisha ikaondolewa sokoni mwaka wa 2011 baada ya utafiti mpya kubainisha kwamba haipunguzi vifo. Huo ni muongo mzima, tena wa dawa ghali mno.

Mwaka huo huo wa 2011, watafiti wa Marekani waliochunguza wengu na mapafu ya watu waliouawa na sepsisi walikuta chembe za kinga zimechoka, hazina uwezo wa kupigana. Kumtuliza kinga mgonjwa wa namna hiyo ni kumpokonya ngao.

Ndiyo maana baadhi ya watafiti wamegeukia kuichochea kinga. Jaribio lililochapishwa mwaka wa 2018, likiwa na wagonjwa 27 wa Ufaransa na Marekani, lilionyesha kuwa interleukini-7 huongeza limfosaiti mara 3 hadi 4. Idadi hiyo ilikuwa ndogo mno kuthibitisha kama dawa hiyo huokoa maisha.

Ugumu uliopo ni kutambua kinga ya mgonjwa fulani imepanda au imeporomoka, na huenda ikabadilika baada ya siku chache. Kwa sasa, tegemeo kuu ni viuavijasumu vinavyotolewa mapema. Mwenye maambukizi anayepumua kwa kasi, anayechanganyikiwa au asiyepata mkojo apelekwe hospitalini mara moja.