Sanduku la Posho ya Askari, Marekani

Sanduku hili la karatasi ngumu, lililotiwa nta ili unyevu usilipenye, ni mlo wa jioni wa posho ya K, iliyobuniwa mwaka 1941 na mwanachuoni Ancel Keys wa Minnesota kwa ajili ya askari wa miavuli. Ndani mlitiwa nyama ya kopo, biskuti kavu, chokoleti, kahawa na sigara. Na sanduku lenyewe, likiwashwa, lilitosha kuchemshia maji ya kahawa hiyo. Wa mwanzo kuionja, askari sita, waliikubali kuwa heri kuliko njaa. Lakini kikosi cha Jenerali Merrill wa Marekani, kilicholishwa hiyo hiyo kwa miezi katika misitu ya Burma mwaka 1944, kiliikinai na kudhoofika, kwani posho ya siku chache haikustahili kufanywa riziki ya vita vizima. Jeshi liliiacha mwaka 1948.