Elizabeth Gaskell na Lugha ya Wafumaji wa Manchester



1. Utangulizi

Nilipokuwa darasa la tatu mjini Mombasa, nilisimamishwa mbele ya wenzangu kwa kosa la kusema "nti" badala ya "nchi". Mwalimu hakunichapa, alinisahihisha tu, na darasa zima likaangua kicheko. Jioni ile nilimsikia bibi yangu akitamka "nti" ile ile alipokuwa akitusimulia habari za wazee wake, na kwa mara ya kwanza nikaona haya kwa ajili yake. Haya hiyo ndiyo iliyonisukuma baadaye katika taaluma ya lahaja, na ndiyo inayonileta mbele yenu leo.

Huenda baadhi yenu mkauliza: mhadhara wa taaluma za Kiswahili una uhusiano gani na mtunzi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1865? Jibu langu ni kwamba Elizabeth Gaskell alilikabili swali ambalo sisi pia hatujalimaliza: mtu asiyesema lugha sanifu aandikwe vipi ili msomaji amheshimu? Nitajaribu kuonyesha kwamba hakulijibu kwa siku moja. Ilimchukua miaka 15 na riwaya kadhaa, na hatua alizopitia zina mafunzo kwetu.

2. Maisha yake kwa muhtasari

Alizaliwa Chelsea, London, tarehe 29 Septemba 1810, akaitwa Elizabeth Cleghorn Stevenson. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miezi 13, naye akapelekwa kulelewa na Hannah Lumb, dada wa mama yake, katika mji mdogo wa Knutsford, jimbo la Cheshire. Mji huo ndio alioutumia baadaye kama kielelezo cha Cranford, kitabu chake kilichopendwa kuliko vyote. Kaka yake John, aliyekuwa baharia, alitoweka yapata mwaka 1828 katika safari ya India, na habari zake hazikujulikana tena. Si ajabu basi kwamba katika riwaya za Gaskell mabaharia waliopotea hurudi mara kwa mara.

Mwaka 1832 aliolewa na William Gaskell, mchungaji wa kanisa la Cross Street mjini Manchester. Kanisa hilo lilikuwa la Waunitaria, Wakristo wasiokubali fundisho la Utatu. Manchester ya wakati huo ilikuwa kitovu cha viwanda vya pamba. Matajiri wenye viwanda walihudhuria ibada kanisani mwa mumewe, nao wafumaji waliishi kwa kusongamana katika nyumba za chini ya ardhi mitaa michache tu kutoka hapo. Bibi Gaskell aliingia nyumba za pande zote mbili.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mfu. Mabinti wanne waliishi. Mwanawe wa pekee, William, alifariki mwaka 1845 kwa homa nyekundu kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mumewe ndiye aliyemshauri aandike ili apunguze majonzi, na kutokana na ushauri huo ikatoka riwaya ya Mary Barton mwaka 1848, bila jina la mtunzi. Mchapishaji alimlipa pauni 100. Ikumbukwe kwamba kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, pato la mwanamke aliyeolewa lilikuwa mali ya mumewe. Sheria hiyo haikuanza kubadilishwa hadi mwaka 1870, miaka mitano baada ya kifo chake.

3. Hatua ya kwanza: neno lenye ukoo

Mary Barton inamhusu John Barton, mfumaji ambaye mwanawe mdogo alikufa kwa kukosa chakula. Anakwenda London mwaka 1839 pamoja na wajumbe wa vuguvugu la Chartist, lililodai haki ya kura kwa wanaume wote. Bunge linakataa kuwasikiliza. Anarudi akiwa mtu mwingine, na hatimaye anamuua mtoto wa mwenye kiwanda.

Wafumaji wa riwaya hii wanazungumza lahaja ya Lancashire. Wanasema "clem" kwa maana ya kushinda na njaa, na "nesh" kwa kitu kilicho laini au dhaifu. Chini ya kurasa mna tanbihi zilizoandaliwa na mumewe, ambaye alikuwa mjuzi wa lahaja hiyo. Tanbihi moja inaeleza kwamba "nesh" ni neno la Kiingereza cha kale. Nyingine inamtaja Ben Jonson, mwandishi wa tamthilia wa zama za Shakespeare, kwamba naye alitumia "clem". Mwaka 1854 mihadhara miwili ya William Gaskell kuhusu lahaja ya Lancashire iliambatishwa kwenye toleo la tano la riwaya hiyo. Sisi wanaisimu tuna haki ya kufurahi: si mara nyingi riwaya ya mapenzi na mauaji huuzwa pamoja na mihadhara ya isimu.

Hoja ya tanbihi hizo ni wazi. Mfumaji hakuharibu Kiingereza. Amehifadhi maneno ambayo wasomi waliyatupa. Hoja hii ilikuwa ya kijasiri kwa wakati wake. Hata hivyo, ina kasoro mbili. Kwanza, inaliheshimu neno la mfumaji kwa sababu mshairi mkubwa alilitumia, si kwa sababu mfumaji mwenyewe analitumia. Neno lisilo na ukoo wa kifahari lingebaki bila mtetezi. Pili, Mary, binti wa John Barton, aliyezaliwa na kukulia katika mazingira yale yale, anazungumza Kiingereza kilicho karibu zaidi na usanifu kuliko baba yake. Ni kana kwamba mtunzi alihofu kwamba msomaji hatampenda msichana anayesema "clem".

4. Hatua ya pili: neno lenye kazi

North and South ilitoka kwa mfululizo katika jarida la Charles Dickens, Household Words, kati ya 1854 na 1855. Dickens ndiye aliyeshauri jina hilo, na wawili hao walivutana sana kuhusu urefu wake. Shujaa wake, Margaret Hale, ni binti wa mchungaji kutoka kusini, anayehamia mji wa viwanda wakati wa mgomo.

Mna tukio fupi katika riwaya hii ambalo kwangu lina uzito mkubwa. Mama yake Margaret anamkemea kwa kuokota maneno ya mitaani ya viwandani. Margaret anajitetea: anayeishi katika mji wa viwanda hana budi kusema lugha ya viwanda pale anapoihitaji. Anatoa mfano wa "knobstick", yaani mtu anayekubali kufanya kazi wakati wenzake wamegoma. Hapa haitwi Ben Jonson kutoa ushahidi. Neno linatetewa kwa kazi linayoifanya: linataja jambo ambalo lugha ya sebuleni kwa mama haina jina lake. Hapana shaka kwamba hii ni hatua mbele. Lakini tazameni ni nani anayetoa utetezi huo: ni binti wa tabaka la kati, si mfumaji.

5. Hatua ya tatu: shujaa anasema kwa ulimi wake

Mwaka 1863 ikatoka Sylvia's Lovers, yenye mandhari ya pwani ya Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18, wakati wanaume walipokamatwa kwa nguvu kutumikishwa katika jeshi la majini. Sylvia Robson ni binti wa mkulima. Hapendi kufundishwa kusoma na kuandika, na anazungumza lahaja ya kwao, katika furaha na katika msiba. Hapa hatimaye shujaa wa kike, ambaye msomaji anatakiwa kumpenda na kumlilia, hakusafishwa ulimi. Mtunzi aliijali lahaja hiyo kiasi kwamba aliifanyia marekebisho katika toleo la pili.

Katikati ya hatua hizi, Gaskell alilipa gharama. Wenye viwanda walimlaumu kwamba ameegemea upande wa wafanyakazi. Ruth ya mwaka 1853, inayomhusu msichana aliyezaa nje ya ndoa, ilichomwa moto na baadhi ya waumini wa kanisa la mumewe. Wasifu wa rafiki yake Charlotte Brontë, alioutoa mwaka 1857, ulizua vitisho vya mashtaka na ikabidi urekebishwe.

Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865. Pamba ilikoma kufika Lancashire, na wafumaji wakakosa kazi kwa maelfu. Vita hiyo hiyo ilipunguza shehena za merikani zilizokuja Unguja, na hivyo mtikisiko mmoja ukafika Manchester na kwetu pia. Bibi Gaskell na mabinti zake walifanya kazi ya kuwasaidia wenye njaa hadi afya yake ikadhoofika. Alifariki ghafla tarehe 12 Novemba 1865 huko Holybourne, katika nyumba aliyoinunua kwa siri kwa ajili ya uzee wa mumewe. Riwaya yake ya mwisho, Wives and Daughters, ilibaki bila sura ya kumalizia.

6. Hitimisho

Sisi nasi tulichagua. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ikaisimamia kazi hiyo. Siulaumu uamuzi huo. Bila huo tusingekuwa na vitabu vya shule vinavyosomeka kutoka Lamu hadi Kigoma. Swali langu ni kuhusu tulichokifanya baadaye. Adam Shafi, katika Kuli ya mwaka 1979, aliwaweka wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948 katikati ya riwaya ya Kiswahili, kama Gaskell alivyowaweka wafumaji. Lakini katika riwaya zetu nyingi, ni nani anayesema lahaja? Mara nyingi ni mtumishi, au mzee wa kuchekesha. Shujaa husema kama kitabu cha sarufi.

"Nti" na "nchi", "mato" na "macho", "teka" na "cheka": hayo si makosa, ni kanuni moja isiyotikisika, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuieleza. Lakini bibi yangu hakuhitaji kanuni hiyo ili awe na haki ya kusikilizwa. Nimeandika makala nyingi kuhusu lahaja yake, nyingi zikiwa na tanbihi. Bado sijasoma riwaya ambayo yeye ndiye shujaa wake. Wanafunzi mliomo humu, kazi hiyo naiacha mikononi mwenu.